Piano ya Masere, Gitaa la Baba

Kazi tatu (Jumatano), 11 Septemba 1974

Mkono wa kushoto tena. Wa kulia unasoma noti, wa kushoto unangoja kuambiwa. Masere Lutgarde, mtawa anayenifundisha piano, alinigonga kifundo cha kidole kwa kalamu, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyotaka kuingia. "Thérèse, encore." Halafu akakumbuka kwamba majina ya Kikristo yamekatazwa na Serikali. "Mbuyi. Encore." Tena.

Nina miaka ishirini na tisa. Nafundisha mwaka wa tatu katika shule ya masere hapa Panda, na watoto wakienda kwao nakaa mbele ya piano ya watawa najifunza kama mtoto. Masere amezeeka. Anataka kuacha mtu wa kupiga nyimbo za misa atakaporudi Ulaya. Alinichagua mimi kwa sababu naimba bila kukosea. Anadhani anayejua kuimba atajua na kupiga. Anajidanganya.

Nyumbani Baba alikuwa uani kwenye kiti chake, anakohoa. Leo moshi wa kiwanda umeshuka, ule unaochoma koo. Maisha yake yote alitoboa mwamba mgodini kule Kakanda, na vumbi la mwamba limebaki kifuani mwake. Hafiki tena hata barabarani. Gitaa lake limetundikwa ukutani. Tangu Kabanga, pacha wangu, aende Kinshasa, hajaligusa. Kabanga ndiye aliyefundishwa. Mimi nilifundishwa kupepeta unga.

Siku ya posho (Jumamosi), 14 Septemba

Mama alimpeleka Baba lopitali. Nilibaki peke yangu. Nikalishusha gitaa.

Nilitaka Mapasa, wimbo wa mapacha. Baba aliutunga tulipozaliwa, sisi mapacha wake. Hauna maneno. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinajibu kwenye nyuzi nyembamba. Watoto wawili wanaongea kwa pamoja. Zamani kambi nzima ya wafanyakazi iliujua. Mtu akizaa, Baba anaitwa, mwenzake anagonga chupa kwa msumari, wanawake wanacheza mpaka vumbi linapanda. Wale wa chupa wamekufa wote.

Naujua kwa masikio. Nikijaribu kuuimba, sauti mbili zinakuwa moja. Sijui tena nani anasema nini.

Nyuzi zinakata. Nilipata sauti hapa na pale, si wimbo. Nimelitundika tena na kuloweka vidole kwenye maji ya chumvi.

Siku ya Mungu, 29 Septemba

Nimekamatwa. Mama alirudi misa mapema akanikuta jikoni, gitaa magotini. Alipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha.

"Mwanamuke anapigaka gitaa wapi? Mu bare! Bantu batasema nini? Bwana hauna, mutoto hauna, sasa unatafuta na gitaa?"

Iliuma kwa sababu ni kweli. Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilidhani atanitetea. Alinyoosha mkono, akalichukua gitaa, akalifuta kwa shati lake, akalirudisha ukutani.

"Ile ni kintu ya Kabanga," alisema. "Kabanga atarudia."

Atarudi. Miaka mitatu yuko Kinshasa na orkesta yake, hata salamu hajatuma. Nampenda Baba na leo nimemchukia.

Kazi tano, 18 Oktoba

Nimefanya ujinga mbele ya Masere. Ulikuwa wimbo wa kanisa, sauti nne, pole pole. Nilichoka kuhesabu. Nikauacha mkono wa kushoto utembee kama gumba la Baba, mbele kidogo ya pigo, nyuma kidogo. Kwa mara ya kwanza mikono yote miwili ilikwenda pamoja. Nilifurahi mpaka nikafumba macho.

Masere alifunga kifuniko cha piano. Niliwahi kuvuta vidole.

"Hapa si baa, binti yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha katekisimu. "Piano haichezi ngoma."

Kwa Mama gitaa ni la baa. Kwa Masere hata mkono wangu ni wa baa. Sina pa kuiweka mikono hii.

Kazi moja, 11 Novemba

Kabanga amerudi.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango nilipotoka shule. Amekonda. Amevaa suruali ya mahameli iliyochanika gotini. Hana gitaa, vyombo vyote ni vya mwenye orkesta, naye alimfukuza akabaki navyo. Alifukuzwa kwa nini, hakusema. Mama alilia, akachinja kuku.

Baba alinawa, akavaa shati la misa. Alilishusha gitaa mwenyewe, akampa. Kabanga alilegeza nyuzi, akazikaza upya kwa namna yake, akapiga sebene, ile sehemu ya mwisho ya rumba inayoenda mbio watu wanapoinuka kucheza. Vidole vyake ni vyepesi kuliko zamani. Watoto wa jirani walijaa kwenye ua.

Baba alingoja mpaka mwisho. Akasema, "Sasa Mapasa."

Kabanga akaanza. Gumba lilitembea kidogo, likapotea. Akaanza tena. Likapotea palepale. Akacheka.

"Baba, ile ni mambo ya zamani. Kule Kinshasa ukipiga ile, bantu banakuchekaka."

Baba aliinuka. Aliingia ndani akalala, na jua bado lilikuwa juu. Kuku tulimla sisi watatu.

Kazi tatu, 13 Novemba

Baba hali chakula. Kabanga analala mpaka mchana. Tulikaa tumbo moja, na nataka kumpiga kofi. Alipewa wimbo mzima, akautupa njiani kama ganda la muwa.

Siku ya posho, 23 Novemba

Baba ameniita. Si Kabanga. Mimi.

"Leta gitaa. Mama yako ameenda ku soko?"

"Ameenda, Baba."

"Muzuri. Ikala." Nikakaa.

Hakueleza kwa nini moyo wake umegeuka. Sikuuliza, niliogopa asije akaghairi. Alizirudisha nyuzi kama zilivyokuwa zikikaa kwake. Alipiga kidogo. Kikohozi kikamkata. Akanipa mimi.

"Kidole gumba njo mukubwa. Iache itembee. Usiiangalie. Ikijua njia yake, njo nitakuonyesha ile ingine."

Nilianza kuhesabu moyoni kama kwa Masere. Alijua mara moja.

"Weye unahesabu. Unatembeaka mu njia na unahesabu miguu?"

Nikacheka. Naye akacheka, mpaka pumzi ikamwishia na midomo ikawa ya kijivu. Niliogopa sana.

Mama alitukuta. Alisimama, kikapu kichwani. Nilingoja kelele. Akapita kwenda jikoni. Nadhani aliuona uso wa Baba.

Kazi ine, 5 Desemba

Mikono miwili, walimu watatu. Masere: mgongo wima, hesabu, kila noti imeandikwa, usiongeze chako. Baba: usihesabu, usiangalie. Na sasa Kabanga naye, jioni uani, ananionyesha sebene. Sikumwomba. Labda anaona haya. Tunapokezana gitaa, yeye anapiga, mimi nafuata. Kusema kweli sebene inaingia upesi. Unashika kifungu kimoja kifupi, unakirudia, unakirudia, mpaka miguu inaamka yenyewe. Vidole vyangu vinaipenda. Naona aibu kwamba vinaipenda.

Leo nilipokaa na Baba, gumba langu lilikimbia. Aliushika mkono wangu ukasimama.

"Nani alikufundisha kukimbia?"

Alijua ni nani. Akaachia.

Kwa Masere napiga kama gitaa. Kwa Baba napiga kama Kabanga. Kabanga naye anasema napiga kama masere. Sijui hata kimoja.

Kazi mbili, 10 Desemba

Kabanga amepata kazi. Kompani ya mgodi ilitafuta mpiga gitaa wa kundi la animasio, wale wanaocheza na kuimba sifa za Kiongozi kila wageni wakubwa wanapofika. Gitaa la umeme, sare ya kijani, gunia la unga. Alirudi anapiga mluzi. Simlaumu. Lazima ale.

Baba aliuliza tu kama atarudi kulala nyumbani. Kabanga alisema wenzake wana chumba karibu na ukumbi. Basi.

Shuleni Direktere, mkuu wetu, alituita walimu. Inasemekana shule za mapadri na masere zitakuwa za Serikali. Alisema haraka, macho kwenye meza. Hakuna aliyeuliza swali. Siku hizi hakuna anayeuliza swali.

Kazi tatu, 25 Desemba

Noeli si siku ya mapumziko tena. Tumefundisha. Watoto walivaa nguo zao nzuri hata hivyo, na walikaa kwenye benchi wakiangalia mlango kama wanamngoja mtu.

Baadaye nilikwenda kwa Masere. Masanduku tayari yako koridoni. Nilipiga ule wimbo wa sauti nne mwanzo hadi mwisho, sawasawa, bila kosa. Ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi. Alitikisa kichwa kukubali. Halafu aliniondoa kwenye kiti, akaketi, akapiga yeye. Sijawahi kumsikia akipiga kwa ajili yake mwenyewe. Ulikuwa muziki wa kwao, mrefu, na mkono wake wa kushoto haukuhesabu kitu. Ulikuwa unapumua. Kwa hiyo alijua. Siku zote hizo alijua, hakunifundisha hilo. Labda alidhani kuna wakati.

Alipomaliza alifuta macho na kushika vidole vyangu.

"Mkono wa kushoto, Thérèse."

Sikumsahihisha jina.

Kazi ine, 9 Januari 1975

Masere ameondoka Jumatatu. Misalaba imeshushwa madarasani. Ukutani imebaki alama nyeupe, watoto bado wanafanya ishara ya msalaba mbele yake.

Leo wamekuja kuchukua piano. Kila kitu cha shule ni cha Serikali, na ukumbi wa animasio unahitaji vyombo. Waliipakia kwenye lori lisilo na turubai. Nilimwambia mkubwa wao, "Mvua inakuja, funikeni." Alisema ni mbao tu, mbao haiogopi maji. Mvua ilianza kabla hawajatoka kwenye geti. Mvua ya Januari, ya kumwaga. Walijificha chini ya baraza, wakavuta sigara, na piano ikabaki juu ya lori. Nilisimama naangalia. Sikufanya lolote. Ningefanya nini?

Siku ya posho, 11 Januari

Nimekwenda ukumbini. Kabanga aliniombea ruhusa. Wameweka kreti za bia juu ya piano. Nilibonyeza meno yake: yanashuka, hayapandi. Machache yanalia, na sauti ni ya bati. Nilifuta kifuniko kwa kitambaa changu, kwa mazoea tu.

Kabanga alisema watatafuta fundi. Wote wawili tunajua hakuna fundi.

Kundi lilianza mazoezi. Wanawake na wanaume wenye sare, wanazungusha viuno, wanaimba jina moja, na pacha wangu nyuma yao, vidole vinaruka. Anapiga vizuri sana. Ningependa apige vibaya.

Kazi tatu, 15 Januari

Baba amelazwa. Alishindwa kupumua akiwa ameketi. Kabla gari halijafika alinionyesha gitaa kwa kidevu, maana yake njoo nalo. Nilikuja nalo. Muuguzi alinirudisha nalo mlangoni.

Siku ya Mungu, 19 Januari

Nataka kuandika hii vizuri.

Kitanda chake kiko karibu na dirisha. Kwa kuwa gitaa haliingii, nilipiga gumba langu juu ya goti, juu ya kitambaa, mwanzo hadi mwisho. Aliangalia. Hakunikatiza hata mara moja.

"Sasa inajua njia," alisema.

Nilibana meno nisilie. Halafu akatoa mkono wake wa kulia chini ya shuka, akaanza kunionyesha kidole cha pili. Juu ya blanketi. Kidole kinagonga, kinangoja, kinaruka, kinagonga mara mbili haraka. Hakuna sauti. Uzi upi? Wapi kwenye shingo ya gitaa? Mkono wake wa kushoto, ambao ungenionyesha, ulifungwa sindano ya maji, haukusogea. Yeye aliusikia wimbo wote. Nilimwona anausikia. Uso wake ulikuwa kama wa kijana. Mimi niliona kidole tu, kinakwenda juu ya blanketi ya kijivu.

"Unaona?"

"Naona, Baba."

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Sikushika kitu.

Kazi tatu, 22 Januari

Baba amekufa asubuhi, king'ora cha kiwanda kikilia cha kuingia kazini. Mama alikuwa naye. Mimi nilikuwa ubaoni.

Siku ya posho, 25 Januari

Tumemzika Alhamisi. Kilio kinaendelea. Uani wanawake wamejaa kwenye mikeka, wanaume wamezunguka moto ingawa ni mchana. Watu wa Kakanda walikuja, wazee kwa vijana, wote na kikohozi kilekile.

Walimngoja mtu wa kupiga. Baba alipiga kwenye vilio vyao vyote, sasa kilio ni chake na hakuna mtu. Kabanga alikaa kichwa chini. Nilidhani itapita hivyo. Ndipo Mama, Mama mwenyewe, alikuja na gitaa akaliweka magotini mwangu mbele ya watu wote.

"Piga," alisema. "Bantu baseme bile batasema."

Nilipiga gumba la Mapasa. Sikuhesabu, sikuangalia. Lilitembea kama alivyotaka. Wanawake walinyamaza. Mzee mmoja alianza kutikisa bega, aliutambua. Nilifika mwisho, nikarudi mwanzo, nikafika mwisho. Nilikuwa nangoja kidole changu cha shahada kifanye kitu. Hakikufanya.

Kabanga aliinuka akaja kupiga magoti karibu yangu. Alipitisha mkono, akaanza kutafuta kwenye nyuzi nyembamba huku mimi natembea kwenye nene. Kwa kitambo kidogo nilidhani atapata. Alipata noti, mbili labda. Halafu mkono ukaingia kwenye sebene, peke yake, kama punda anayerudi kwao. Akaacha. Akajaribu tena. Sebene tena. Akaondoa mkono, akaufunika uso kwa kiwiko. Alilia kama alivyokuwa akilia tulipokuwa wadogo, bila sauti, mabega tu.

Nyuma yangu bibi mmoja alimwambia mwenzake, "Njo mumoja tu. Wa pili iko wapi?"

Niliendelea mpaka wakaanza kuongea mambo yao. Halafu nikaacha.

Kazi ine, 30 Januari

Baba mkubwa Tshimanga, kaka yake Baba, amefika kutoka Kananga. Amegawa vitu vya marehemu kama mila inavyotaka. Redio, kiti, makoti, baiskeli, gitaa. Vyote vinaenda kwa ndugu zake.

Nilisema, "Baba mukubwa, gitaa hapana."

Alinitazama kwa mshangao. Si kwa ubaya. "Mutoto yangu, weye ni mwanamuke. Utafanya nayo nini?"

Nilimgeukia Kabanga. Yeye ni mtoto wa kiume, neno lake lina uzito. Alikuwa anaangalia viatu. Mama alisema mila ni mila, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Walilifunga kwa kitenge, wakalisimamisha kwenye gunia la mihogo kwenye lori. Likiondoka nilisikia nafuu. Nafuu kabisa, kama mtu aliyetua mzigo. Hilo ndilo lililonitisha.

Kazi moja, 3 Februari

Nimekaa kwenye meza na kujaribu gumba juu ya mbao. Bado linajua njia. Kuna kifungu kimoja katikati kimeanza kufanana na sebene. Sijui kama ndivyo kilivyokuwa. Hakuna wa kumuuliza.

Kazi tano, 14 Februari

Tumehama. Nyumba ya kambi ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi hayupo. Tumepata chumba na baraza upande wa soko. Paa linavuja kwenye pembe moja, tumeweka beseni. Mama halalamiki.

Shuleni nimewafundisha watoto wimbo mpya wa animasio. Walishika upesi. Wanaimba vizuri, makofi yao yanakwenda pamoja. Direktere alinisifu mbele ya walimu.

Jioni upepo ulileta muziki kutoka ukumbini. Mama aliacha kutwanga sombe, majani ya mihogo, akasikiliza, mchi mkononi.

"Njo Kabanga ule?"

"Njo yeye, Mama."

"Anapiga muzuri."

Nilisema ndiyo. Akaendelea kutwanga. Beseni lilikuwa limejaa. Nilikwenda kulimwaga nje, nikalirudisha mahali pake.